Jezi Namba Tano Kando ya Mlango

"Hivi dada, huyo mpangaji wako analinda goli au analinda benchi?"

Aliyeniuliza ni Doreen Ackroyd, jirani yangu wa ukuta mmoja, na aliniuliza huku vibanio vya nguo viko mdomoni. Ilikuwa mwezi wa tatu, siku ya upepo mkali usio na mvua, ambayo hapa Askerby tunaihesabu kuwa siku nzuri, na kila mtu alikuwa uani kwake anaanika. Doreen ana miaka sabini na mbili. Anakaa kiti kilekile cha jukwaa la mashariki tangu enzi za marehemu baba yake, na anaipenda timu yetu, Askerby Town, kama mtu anavyompenda kaka yake mlevi: yeye anamsema mchana kutwa, lakini wewe mgeni usithubutu.

"Wiki ya tano hii," akaendelea. "Anakaba benchi lisikimbie. Nakwambia hata bendera ya kona itapangwa kabla yake."

Nikacheka, nikamjibu kwamba anayejua ni kocha. Sikusema uongo, lakini sikusema na ukweli wote. Nilipoingia ndani nilimwomba Mungu anisamehe, maana sababu nilikuwa naijua vizuri.

Mpangaji mwenyewe ni Dean Tranter, beki wa kati. Mimi ndiye ninayefua jezi za klabu, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na chumba changu cha juu cha nyuma huwa nawapangisha wachezaji wasio na mahali. Vijana wengi huja na mashine zao za michezo ya video na mama zao wanaopiga simu kuuliza kama wanakula. Dean alikuja mwezi wa saba akiwa na miaka thelathini na tano, mifuko miwili, na sanduku moja la karatasi ngumu lililozungushiwa utepe wa gundi. Mifuko aliifungua. Sanduku alilisukuma chini ya kitanda.

Baada ya wiki tatu nilimuuliza, "Dean, lile sanduku si ulifungue nikutafutie rafu?"

"Mama, nikilifungua nitaanza kuzoea," alisema. "Na kila nilipozoea walinifukuza."

Alizaliwa Longton, mji wa watu wa vyungu na vikombe, na baba yake alikuwa mchomaji wa sahani kiwandani. Alipokuwa na miaka kumi na sita klabu moja kubwa ilimchukua. Mtaa mzima ulijua. Baba yake, mtu asiye na maneno, alimnunulia viatu vya mpira vya ngozi na kumwonyesha jinsi ya kuvipaka mafuta, akamwambia kiatu kikavu ni kazi ya mvivu. Miaka mitatu baadaye aliitwa ofisini.

"Nilipoingia meneja alikuwa amesimama," alinisimulia. "Hakuniambia nikae. Nikajua hapohapo. Mtu anayekutaka huwa anakuambia ukae."

Kuanzia siku hiyo alizunguka miaka kumi na sita katika miji tisa, yote ya madaraja ya chini, ambako mpira unachezwa kwenye matope na mikataba ni ya mwaka mmojammoja. Miji hiyo hakuitaja kwa mechi, aliitaja kwa nyumba alizopanga. Kulikuwa na nyumba ya Barrow ambayo upepo uliingia kwa tundu la barua. Kulikuwa na nyumba ya Torquay, ya pekee ambayo mkewe aliipenda, na wakakaa miezi saba tu. Nilimuuliza amefunga magoli mangapi katika miaka yote hiyo.

"Kumi na moja," akasema. "Tisa kwenye goli lao, mawili kwenye letu."

Kazi ya beki wa kati ni kuzuia. Akizuia vizuri hakuna kinachotokea, na jambo lisilotokea haliandikwi gazetini. Nilielewa hilo haraka, maana na kufua ndivyo kulivyo. Watu huiona jezi siku ile tu ambayo doa limebaki. Dean alivunjika pua mara nne. Meno mawili ya mbele si yake. Na goti la kulia lilichomoka siku ya barafu akiwa na miaka ishirini na tisa, likarudishwa, na tangu hapo likawa la kubembelezwa.

Mkewe anaitwa Joanne, na binti yao Keeley. Mtoto alibadilisha shule nne kabla hajafika miaka tisa. Shule ya tano, siku ya kwanza, alimuuliza mwalimu mlangoni, "Nijifunze majina ya wenzangu, au tutahama?" Joanne alikuwa amesimama nyuma yake. Usiku huo alimwambia mumewe, "Dean, wewe endelea kwenda. Sisi tunabaki hapa." Hawakuachana. Ila yeye alikwenda, na kila Jumapili alikuwa akiendesha gari mwendo wa saa tatu kwenda kula nao chakula cha mchana, kisha mwendo uleule kurudi. Nikitoka ibada ya jioni nilikuta ameshafika, amekaa jikoni kwangu na koti lake, hajawasha taa.

Sasa niseme kile nilichokuwa nakijua.

Mwezi wa tisa alinionyesha mkataba wake, tukiwa mezani. Kifungu cha saba kilisema kwamba akianza mechi ishirini na tano za ligi katika msimu, mkataba unaongezeka mwaka mmoja wenyewe, bila kuombwa. Neno lilikuwa *kuanza*. Kuingia dakika ya themanini badala ya mwenzako hakuhesabiwi.

"Mwaka mmoja tu, Mama," alisema. "Klabu inamtibu mchezaji wake. Nikipata mwaka, msimu ukiisha nawaambia goti limekwisha, wanalipasua, wanalitengeneza, halafu narudi kwa Joanne natembea. Bila mkataba nakaa foleni ya hospitali kama watu wote, na hakuna klabu itakayonisajili wakilipima. Sijui kazi nyingine. Juzi nilijaribu kujaza fomu ya kazi ya ghala. Wanauliza una ujuzi gani. Nikakaa nusu saa. Niandike nini, najua kuruka?"

Basi goti akalificha. Kila asubuhi alilifunga bendeji chumbani, akavaa suruali ndefu ya mazoezi juu yake, na bendeji alizifua mwenyewe kwenye sinki la bafuni. Mtu anaweza kumficha kocha, lakini hamfichi mama dobi. Niliziona zinakauka juu ya bomba la joto, nikanyamaza.

Kufikia Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa pili alikuwa ameanza mechi ishirini na nne.

Hapa kwetu, Jumamosi ya mechi, kocha huniletea orodha asubuhi, nami natundika jezi kwenye chumba cha kubadilishia. Kumi na moja wanaoanza jezi zao zinakaa ukuta mrefu, kwa mpangilio, kila moja kwenye kulabu yake, soksi na kaptula chini yake. Za akiba naziweka kwenye kona, kando ya mlango, ambako upepo unaingia kila mtu anapotoka. Mchezaji hahitaji kutangaziwa. Akifungua mlango anaangalia jezi yake iko wapi, na siku yake imeshajulikana. Kwa hiyo mimi huwa najua kabla yao wote, na sheria ni moja, kwamba mama wa jezi hasemi.

Wiki iliyofuata, kwenye orodha, namba tano, ya Dean, ilikuwa ya akiba. Nikaitundika kando ya mlango. Asubuhi hiyo nilikuwa nimempikia mayai na maharage, na nilimwangalia anakula akiwa hajui.

Jumanne yake nilikuwa nakunja taulo. Kati ya chumba changu cha kufulia na ofisi ya kocha kuna mbao tu, na mwenyekiti wetu, Bwana Pickersgill, muuza mazulia, hajawahi kuongea polepole maishani mwake.

"Asianze tena," nilimsikia. "Mwingize dakika za mwisho ukitaka, lakini asianze. Babu mwenye goti la kubandika, nimlipe mwaka mzima kwa sababu mtu fulani aliandika kifungu bila kufikiri? Yule kijana wa mkopo yupo. Mtumie."

Kocha wetu alikuwa Colin Garside, mtu mpole, mwenye watoto watatu na wasiwasi mwingi. Kisha nikasikia, "Sawa, mwenyekiti."

Nilikaa na neno hilo kama mtu mwenye kokoto kiatuni. Kwaresima ilikuwa imeanza. Nilimuuliza Mungu kama kumwambia Dean ni haki au ni umbea, na sikupata jibu la wazi, ila kila niliposali niliona uso wake. Basi asubuhi moja, baada ya Doreen kuuliza lile swali lake la benchi, nikamwambia Dean mezani yote niliyosikia.

Dean alimaliza kutafuna. "Najua, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu jezi ilipohamia mlangoni. Ishirini na nne si namba ya bahati mbaya."

"Sasa mbona hulalamiki?"

"Nikilalamika watasema navuruga timu. Wataniambia nikae nyumbani mpaka Juni, na mlango umefungwa. Nikinyamaza bado nipo kwenye orodha. Mtu anaweza kupata kadi nyekundu. Reece anaweza kuvunjika mguu."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema mvua inaweza kukatika. Reece Wardle ndiye yule kijana wa mkopo, ana miaka kumi na tisa, na Dean mwenyewe ndiye aliyekuwa akibaki naye uwanjani baada ya mazoezi kumfundisha namna ya kumsimamia mshambuliaji. Akaweka uma chini.

"Umesikia nilichosema?" akaniuliza.

"Nimesikia."

"Jumamosi nakaa pale benchi namwangalia mtoto wa watu, naomba aanguke. Nimekuwa mtu gani?"

Nilimmiminia chai, nikamwambia Mungu anatuona tukiwa vibaya na hatutupi. Aliitikia kwa kichwa kwa heshima, kama watu wa hapa wanavyoitikia mambo ya kanisani.

Jumamosi kumi na mbili niliitundika namba tano kando ya mlango. Yeye aliendelea kuwa wa kwanza mazoezini. Viatu alivipaka mafuta kila Ijumaa uani kwangu, viatu visivyo na tope. Wachezaji wenzake walimwita Babu, na walijua. Kila mtu alijua, ndiyo maana hakuna aliyesema. Mara moja tu kipa, alipokuwa anavaa glavu, alimwambia, "Babu, ukitaka nimuume mwenyekiti, niambie." Wakacheka, na Dean akacheka pia. Jioni yake hakula.

Wiki tatu kabla ya msimu kuisha, nahodha wetu, beki wa kati mwingine, alipata kadi nyekundu na kufungiwa mechi tatu. Mechi ya kwanza walimpanga kiungo pale nyuma, tukafungwa manne. Ya pili walimpanga tena, tukafungwa matatu. Dean alikuwa kando ya mlango mara zote mbili. Ikabaki mechi moja, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano, nyumbani, na timu ambayo kama sisi haikuwa na cha kupata wala cha kupoteza.

Asubuhi hiyo Reece alifika uwanjani uso umempauka. Alikuwa ametapika tangu alfajiri. Nilimpa maji ya tangawizi, akayatapika nayo.

Saa tano na nusu Garside aliingia chumbani kwangu na orodha mkononi. Alifunga mlango. Hakuwa na kawaida ya kufunga mlango.

"Namba tano, ukutani," alisema. "Kulabu ya tano."

"Na mwenyekiti?"

"Yuko Ureno kwenye harusi ya binti yake. Na mimi Jumatatu sitakuwa hapa, Mama. Ameshaniambia, kwa simu." Akaiangalia ile karatasi kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine. "Miezi mitatu namwogopa kwa ajili ya kazi ambayo sasa sina."

Kabla ya kuitundika ile jezi niliipiga pasi mara mbili, jezi ambayo haihitaji pasi.

Dean aliingia saa saba. Mimi nilikuwa napanga chupa za maji. Alifungua mlango na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye kona, kwa mazoea. Jezi yake haikuwepo. Alidhani wamemwondoa kabisa hata kwenye akiba, akageuka kutoka, begi bado liko begani.

"We Babu," kipa akamwita. "Unaenda wapi? Jezi imekukimbia, iko huku."

Akageuka. Aliiangalia kwa muda mrefu kuliko mtu anavyoangalia jezi. Hakuna aliyemtania. Alikwenda akakaa chini yake, akaanza kufungua viatu vya njiani, na nikaona hawezi kufungua kamba.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa kazi nyingine asingelifanya. Kabla ya kutoka kwenda kupasha misuli, aliivua bendeji. Alijua mchua misuli wa timu, Stuart Nuttall, ataangalia kila mguu kwa makini siku hiyo, na beki aliyekaa benchi miezi mitatu hataki kutoka mbele ya watu amefungwa kama mzigo wa posta. Alitaka aonekane mzima. Alitoka na goti tupu, akapasha kama kijana wa miaka ishirini, akarukia kila mpira aliorushiwa. Mimi nilimwona kwa mlango, nikafurahi kama mjinga.

Saa nane na dakika thelathini na tano mlango wangu ukafunguliwa. Ni yeye, anaruka kwa mguu mmoja, anashika mashine za kufulia moja baada ya nyingine. Akafunga mlango kwa mgongo wake. Goti lilikuwa limejaa, na mguu ulikuwa umekunjika kidogo na haukubali kunyooka wala kukunjika zaidi.

"Limefunga," alisema. "Nilitua vibaya. Limefunga, Mama."

"Nimwite Stuart."

"Usimwite. Nikitolewa sasa hivi haihesabiwi. Wanaweka mtu mwingine na jina langu linafutwa kwenye karatasi ya mwamuzi, kama sikuwahi kupangwa. Lazima niwe ndani ya uwanja filimbi ikilia. Sekunde moja tu." Alikuwa anatokwa jasho mpaka kwenye nyusi. "Una ile plasta nyeupe ya kufungia soksi?"

"Dean, mwanangu, huu mguu ni wa hospitali."

"Huu mguu hauna hospitali kama sianzi."

Naandika hivi mbele za Mungu: nilichukua ile plasta. Nilimkalisha juu ya mfuko wa taulo chafu. Alishika bomba kwa mikono miwili, akaniambia niuvute mguu unyooke, nikauvuta, na kitu ndani kikasogea kwa mlio ambao nausikia hata leo nikivunja karoti. Hakupiga kelele. Alitoa pumzi kwa muda mrefu. Nikafunga bendeji, juu yake plasta, juu yake soksi ya pili niliyoikata kidole, nikavuta ya timu juu ya yote. Wakati nafunga nilikuwa nasema Baba Yetu kimoyomoyo, na nilipofika pale pa majaribu nilikwama, nikaanza upya, nikakwama tena.

"Nisikilize," nilimwambia. "Filimbi ikilia, unakaa chini. Unakaa chini palepale, unanyoosha mkono, wanakutoa. Umeelewa?"

"Nitakaa."

"Niahidi."

"Nakuahidi, Mama."

Alisimama. Alitembea hatua nne kwenda na nne kurudi, na ungekuwa humjui usingeona kitu. Miaka kumi na sita ya kuficha maumivu mbele ya makocha ilikuwa imemfundisha kutembea vile.

Nilisimama kwenye mdomo wa njia ya kutokea. Watu hawakuwa wengi, elfu mbili hivi, na jua lilikuwa limetoka. Juu yangu nilimsikia Doreen.

"Ee, wamemtoa benchini! Benchi limebaki yatima!"

Watu wa jukwaa lake wakacheka. Wengine wakaanza kupiga makofi, kwanza kwa utani, halafu kweli. Dean alisimama mahali pake pa nyuma, mikono kiunoni, uzito wote kwenye mguu wa kushoto. Mwamuzi akaangalia saa yake. Akapuliza.

Ishirini na tano.

Nikasubiri akae. Mpira ulikuwa mbali, upande wa pili. Alikuwa na nafasi yote. Nikamwona anaangalia nyasi chini yake kama mtu anayechagua mahali. Halafu kipa wao akapiga mpira mrefu, ukaja upande wake, na Dean akasogea hatua mbili akaupiga kichwa ukarudi ulikotoka. Jukwaa likaitikia. Nikasema sawa, sasa kaa. Ukaja mwingine, akaupiga. Alikuwa anapaza sauti, anawapanga wenzake, anaonyesha kwa kidole. Nilikuwa sijaisikia sauti hiyo tangu mwezi wa pili.

Dakika ya kumi na moja, mshambuliaji wao, kijana mwenye mbio, alipenyezewa mpira katikati. Ukimwacha, amebaki na kipa. Mechi yenyewe haikuwa na maana kwa mtu yeyote duniani. Dean aligeuka kumkimbiza. Mwili uligeuka, mguu wa kulia ukabaki unaangalia kule ulikokuwa.

Alianguka bila kuguswa na mtu. Kijana wa watu aliusimamisha mpira mwenyewe, akautoa nje, akashika kichwa. Nilijua kwa namna wachezaji walivyogeuza nyuso. Jukwaa zima lilikuwa kimya, hata Doreen, na katika kimya kile nikasikia mashine yangu moja nyuma inamaliza kuzungusha.

Hospitalini, jioni, aliniambia, "Nilimwona anapita, Mama."

"Uliniahidi."

"Najua. Nilimwona anapita, mguu ukaenda wenyewe."

Walimpasua mara mbili. Daktari alikuwa mama wa makamo, mkweli. Alisema atatembea, kwa fimbo, na kwamba neno mpira lisitajwe tena. Bwana Pickersgill alirudi kutoka Ureno na kuleta mwanasheria. Mwanasheria akasoma karatasi ya mwamuzi, jina lilikuwepo, filimbi ilikuwa imelia, na mwaka ukawa wa Dean. Ndicho alichokuwa anakitaka tangu mwezi wa tisa, na alikipata chote.

Doreen alileta pai la matufaa mpaka mlangoni, akalishika kwa mikono miwili, hakuingia. "Sikujua, dada," alisema. "Mimi huwa nasema tu. Mwambie nilikuwa nasema tu."

Joanne alikuja na Keeley, ambaye sasa ana miaka kumi na mbili na ni mrefu kama mama yake. Walikaa jikoni. Joanne alimwambia, "Rudi nyumbani, Dean. Rudi hivyohivyo ulivyo." Dean akasema mkataba unamtaka awe klabuni kila siku kwa matibabu. Ni kweli unasema hivyo. Ni kweli pia kwamba wangemruhusu akiomba, na hakuomba. Mtoto alimuuliza, "Baba, sasa unafanya kazi gani?" Akamjibu, "Mimi ni mchezaji wa Askerby Town," na mtoto akaangalia magongo, akaangalia mama yake.

Sasa ni mwezi wa nane. Kila asubuhi saa tatu anafika uwanjani na magongo yake. Stuart anamchua nusu saa. Siku inayobaki haina kitu ndani yake, kwa hiyo anakuja chumbani kwangu, anakaa kwenye kiti karibu na mashine ya kukaushia, anapanga soksi jozi kwa jozi. Kocha mpya humwita kaka, maana hajui jina lake. Wachezaji wengi ni wapya, na kijana mmoja alidhani Dean ni msaidizi wangu wa kazi hapa, akampa kaptula yake yenye tope. Dean aliipokea, akasema asante. Sanduku lake bado liko chini ya kitanda chake, na utepe wake. Kuna asubuhi namsikia juu amesimama, haendi mbele wala nyuma, na mimi chini nimesimama na sufuria, naomba nisikie hatua.

Namba tano haijapewa mtu. Jina lake bado liko kwenye orodha ya wachezaji waliosajiliwa, kwa hiyo kiwanda kilileta jezi yake na nyingine zote, mpya, na ilikuwa imekunjwa kabatini.

Alhamisi hii, mechi ya kwanza ya msimu ikiwa keshokutwa yake, alimaliza soksi zote na hakuinuka. Alikuwa anaangalia kabati.

"Mama," alisema, "Jumamosi ukitundika jezi, naomba utundike na yangu. Hata pale kando ya mlango."